Kisamvu Hakikuwa na Kosa

Mnero, Jumanne

Wifi yangu Zainabu,

Nakusalimu, bingwa wa magonjwa ya watoto Mbekenyera nzima. Kumbe Saidi hakutapika kijani kwa sababu mama yake anayemnyonyesha alikula kisamvu! Daktari wa hapa hospitali ya misheni alimgusa tumbo mara moja tu, akasema utumbo mwembamba umejisokota, damu haipiti, apasuliwe sasa hivi. Nikamweleza kwamba wifi alishamkanda kwa mafuta ya ufuta siku mbili na mimi akanikataza mboga. Daktari akamtazama sista. Sista akatazama chini.

Wakampasua, wakausokotoa. “Ulikuwa umeanza kuwa mweusi,” sista akaniambia baadaye. “Mngefika jioni, ungerudi naye kwenye sanda.”

Basi mpenzi, mtoto mwingine akitapika kijani, mafuta yabaki jikoni, yeye apande lori aje hospitali.

Leo ni siku ya sita tangu apasuliwe, na jikoni hapa hospitali wamepika nini? Kisamvu cha karanga. Nimekula bakuli mbili, moja kwa niaba yako. Kisha Saidi amenyonya, akacheua begani kwangu.

Maziwa, wifi. Meupe pe.

Mimi mla kisamvu,
Mama Saidi