Kwa Baba Yelisei, Aliyeielekeza Sleji Kabla ya Kulala

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka hemani na kikombe chako cha chai, ukainama nyuma ya sleji yako, gari letu la kuteleza juu ya theluji, kama ulivyoinama kila siku, na mbwa wote wakaacha kula kwa pamoja, wakatazama mlimani. Ulisubiri kidogo. Kisha ukamalizia chai.

Hukuwahi kulala kabla ya kuielekeza sleji ya mbele upande wa safari ya kesho. Kukipambazuka na ukungu, wengine walikaa kusubiri. Wewe uliwafunga kulungu wako kwenye sleji, ukafuata pua yake. Ndivyo ulivyowavusha watu Jiwe, maana ndivyo tunavyoiita safu yetu ya milima ya Urali, kabla njia zake hazijachorwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Tunakumbuka ulivyowavua wageni viatu vyao vya mjini ukawavika vyako vya manyoya. Tunakumbuka ulivyompa Mama ulimi wa kulungu, kipande laini kuliko vyote, ukidai hukipendi. Niliporudi kutoka chuo cha ualimu nikiwa mkimya kuliko nilivyoondoka, hukunidai maneno. Ulinisogezea chumvi kabla sijaiomba.

Wapimaji wawili wa Leningradi, waliotaka kuwa wa kwanza kulivuka Jiwe na vyombo vyao, walikutania kwa sababu hukuitazama dira yao hata mara moja. Ukawaambia, "Sleji yangu hailewi, wanangu. Nyinyi jana mlikuwaje?" Wakacheka mpaka chai ikawamwagikia.

Ukungu wa asubuhi ile ya kuondoka ulikuwa mzito, hata kulungu wa mbele hatukumwona. Sleji ilielekea bonde la kushoto, nawe ukaifuata pamoja na wapimaji. Siku ya tatu wapimaji walirudi kwa miguu. Walisema ulitangulia ukiichoma theluji kwa fimbo yako ndefu, na theluji ikafunguka bila sauti, ikakumeza. Hata fimbo haikupatikana.

Tangu hapo jirani yetu Mitrei husema macho yako yalikuwa yamechoka. Jana, kwenye chakula cha kumbukumbu yako, alirudia huku akitafuna mkate wa samaki aliouoka Mama: "Yelisei alikuwa mtu mzuri. Lakini bonde lile hata mbwa kipofu haingii."

Kaka Sidor akaweka kisu chini. Alisema hukukosea njia hata siku moja, na kama ulilichagua bonde la kushoto, basi lina njia uliyoijua wewe peke yako. Wapimaji walewale wamerudi, wanataka kuvuka tena. Sidor alisema kesho yake angewapitisha humohumo, Mitrei aone. Sleji alikuwa ameshaielekeza. Mama aliendelea kukata mkate ambao ulikuwa umeshakatika.

Nilitoka nje. Pua ya sleji ilikuwa imeelekea kushoto, kwenye weupe usio na mwisho. Mbwa walikuwa wamekaa kimya, chakula chao hawajakigusa.

Baba, jioni ile kabla ya safari yako, ulipokuwa umeshalala, nilitaka nafasi ya kuanika ngozi za kulalia za wageni pale iliposimama sleji. Asubuhi nilikuona ukiinama, ukiangalia sleji inakoelekea, nami nikafungua mdomo nikuambie. Wageni wakageuka kunitazama. Nikasema tu, "Baba, glavu zako."

Ukazichukua, ukanishukuru. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Hutatoka mioyoni mwetu, si mwaka huu wala miaka yote ijayo: mkeo Fevronya, mwanao Sidor, na mimi binti yako Ulita, niliyerudi hemani jana nikasimama mbele ya Mama, wapimaji, Mitrei na kaka yangu, nikasema:

"Baba hakulichagua bonde lile. Sleji niliigeuza mimi."