Egemeo Jipya la Kiti Changu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimepata kazi! Naandika tena nione inavyokaa kwenye karatasi: nimepata kazi. Injinia Jovinary kapiga simu mwenyewe. Ofisi yake iko Nyamagana, chumba cha chini, hakuna ngazi — hilo nililiuliza kabla hata ya mshahara. Nitachora ramani za nyumba palepale ofisini badala ya kuzichorea hapa nyumbani na kumtumia. Naanza tarehe mosi Julai.

Ila kaweka sharti, wala hakuzungusha maneno. Chumba ni kidogo, meza mbili tu, hakuna nafasi ya mtu wa kukaa na mimi. Dada Noela anipeleke asubuhi, anifuate jioni. Nikasema sawa, harakaharaka, kabla akili haijanifikia.

Akili imefika sasa. Tangu ule ugonjwa wa uti wa mgongo, nikikaa wima muda mrefu kiuno kinawaka moto. Lazima nilale nyuma kidogo, nitulie, ndipo niendelee. Na egemeo la kiti changu cha magurudumu limesimama kama ukuta. Kila mara ni dada anayenishusha kitandani na kunirudisha. Ofisini atanishusha nani? Injinia?

Nataka egemeo linalolala na kuinuka, na liendeshwe kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeshaanza kulichora. Hata ndizi zimepoa, dada kaniita mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi Victor Okomo kaja. Anachomelea mageti hapo juu barabarani, hapahapa Mkuyuni. Mjaluo wa Rorya, mrefu mpaka anainama mlangoni. Nampendea jambo moja. Watu wote wakija hapa huniulizia kwa dada — anakula nini, anaumwa wapi, atakunywa soda? Nami nimekaa pale pale nawatazama. Victor alichuchumaa, uso kwa uso, akauliza: "Odeta, mkono wako wa kulia unafika mpaka wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka alama ya chaki kwenye bomba la kiti.

Mchoro wangu ulikuwa umekwama kwenye kurudi juu. Kulala ni rahisi, uzito wenyewe unashuka. Kuinuka je? Victor akacheka, akasema mbona jibu liko kwenye Hiace. Anacho kiti cha dereva cha gari lililokufa: unavuta kishikio cha pembeni, unalala, ukivuta tena, springi inakusukuma mpaka wima. Tung'oe kitu kile chote, tukichomelee kwangu! Niliona wivu kwamba sikulifikiria mimi. Nimechora upya hapohapo, yeye ananishikia rula.

Dada alituletea chai. Alisimama akatusikiliza.

Jumatano, 12 Juni

Nimeanguka.

Tulikuwa nje ya kibanda cha Victor, jaribio la kwanza. Nikavuta kishikio, egemeo likalala, na kiti chote kikalala nalo. Chali! Kisogo kikagonga kokoto. Kimevimba, basi. Kosa ni la mchoro wangu: nikilala nyuma, uzito wote unapita nyuma ya ekseli, na huko nyuma hakuna kinachouzuia. Nilicheka pale chini, kweli nilicheka, maana nililiona jibu nikiwa bado chali — vigurudumu viwili vidogo kwa nyuma, vya kuzuia.

Dada hakucheka. Alinibeba mwenyewe, hakutaka Victor anishike. Mpaka sasa ananiuliza tu kama naona vizuri na kama kichwa kinazunguka. Hakizunguki. Kinachora vigurudumu.

Jumamosi, 15 Juni

Kimekubali! Vigurudumu vimeshika. Nimelala nyuma, nimetazama anga na ile miamba iliyo juu ya nyumba za watu, nimevuta kishikio, springi ikaniinua taratibu. Peke yangu! Nikarudia. Nikarudia tena mpaka Victor akasema nitaimaliza springi kabla ya kwenda kazini. Dada alikuwepo, ameona kwa macho yake. Nimelia kidogo mbele ya watu, potelea mbali.

Jumatano, 19 Juni

Kiti kiko kwa Victor, kinasuguliwa na kupulizwa rangi. Mimi niko kitandani na ramani ya mtu wa Usagara anayetaka vyoo vitatu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Dada alikwenda kukiangalia kiti jana, na leo tena. Nimemwambia asimharakishe fundi. Kasema anapita tu. Nimefurahi. Nilidhani bado ana kinyongo na kile kiti.

Jumamosi, 22 Juni

Nataka kuliandika hili kwa utaratibu, hasira isinitangulie.

Victor kaleta kiti asubuhi. Cha bluu, kinang'aa, nyumba nzima inanuka rangi. Jirani yetu Modesta kaja kuangalia, na wengine wawili nisiowajua vizuri. Nikakalishwa. Nikapeleka mkono wa kulia pale penye alama yetu ya chaki. Hakuna kishikio. Nikapapasa. Kuna kisiki kifupi cha chuma, kimekatwa kwa grenda, kimesuguliwa kikawa laini, kimepakwa rangi juu yake. Vidole havipati pa kushika.

Nilidhani kimevunjika. Nikamuuliza Victor kishikio kiko wapi. Na Victor, yule wa kuchuchumaa, alimtazama dada.

Kabla hajajibu, egemeo likashuka. Sikuvuta mimi! Nikajikuta natazama dari, na uso wa dada uko juu yangu, umepinduka, unatabasamu.

"Umeona, mdogo wangu? Wewe pumzika tu. Kazi ya kuvuta niachie mimi."

Kwenye mpini wa kusukumia wamefunga breki ya baiskeli. Waya umepita ndani ya bomba mpaka kwenye springi, hauonekani kabisa. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Modesta akapiga makofi. Dada akanipandisha, akanishusha, akanipandisha tena ili kila mtu aone vizuri. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kushuka.

Na mimi nikasema asante. Asante! Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mdomo ulijisemea wenyewe, kwa ajili ya wageni.

Nimekaa nafikiria ile rangi. Kabla ya rangi watu walisugua. Kabla ya kusugua walikata. Na kabla ya kukata, dada yangu na fundi wangu walisimama juu ya mchoro nilioufanya mimi, wakapanga mkono wangu usifike wapi. Siku zile mbili alipokuwa "anapita tu".

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesingizia tumbo. Dada kaniachia uji wenye limau, kaufunika na kisahani, akaenda kuniombea.

Jumanne, 25 Juni

Nimempigia Victor. Anasema dada alimfuata na kumwambia kwamba tumekaa tukakubaliana, kwa ajili ya usalama, kwa sababu ya kuanguka kule. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia kuhakikisha.

"Sasa Odeta, yule ni dada yako mkubwa. Ningeanzaje kumhoji?"

Nikamwambia simu yangu ilikuwa hewani na mgongo ni wangu. Akasema pole. Akasema kurudisha si tatizo, kazi ya nusu siku, nimpelekee kiti. Nimpelekee! Kutoka hapa mpaka kwake ni kilima na mawe matupu, wenye miguu mizima wanakipanda wakilalamika. Anayenisukuma kukipanda ni nani? Nilimwomba Modesta jana, akasema hana shida, ngoja amuulize dada kwanza. Jibu lilirudi kwamba nimechoka, nisitoke.

Basi aje yeye na grenda yake. Akasema ataangalia, maana sasa amebanwa. Kuna kituo cha watoto wenye ulemavu wamekiona kiti changu, wanataka viti vingine vya namna hiyo hiyo, na breki nyuma vilevile. Wamempongeza sana. Wanasema anayesukuma ndiye anayejua.

Nikakata simu. Watu wengine wakinipita kwenda kwa dada sishangai tena, nimezoea. Huyu alinizoesha vingine. Alinifanya niamini kwamba mkono wangu unafika mahali.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemwambia dada. Alikuwa anamenya ndizi, mimi nimekaa mlangoni, wima, kiuno kinawaka na sikutaka kumwomba anishushe.

Nikasema kwa kiti hiki kazi siiwezi, na yeye anajua. Nikichoka ofisini nani avute? Akasema atakaa nje kwenye benchi, ataongea na Injinia, mtu gani akatae. Nikasema alishakataa. Akasema mimi sijui nilivyokuwa siku ile. Eti kabla sijacheka nilinyamaza kwanza, macho yamegeuka, na aliyeusikia ukimya ule ni yeye. Hilo namkubalia. Lakini vigurudumu vilimaliza tatizo lile, na alikuwepo akiona. Kishikio kilikatwa baadaye! Nikamwambia hivyohivyo.

Akaweka kisu chini.

"Niliacha kufundisha chekechea Muleba. Nilimwacha hata mchumba. Nikaja. Haya, wewe nenda ukalale na kuinuka mwenyewe huko mjini. Mimi nikibaki humu ndani ni nani?"

Nilijiandaa kwa maneno ya usalama tu. Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumrushia bakuli la maganda, vyote kwa pamoja. Nikasema hakuna aliyemtuma aache mchumba. Kauli mbaya, najua, niliiona inavyomwingia. Lakini mimi sikwenda kwa siri kukata kitu chake na kukipaka rangi! Angeniambia anaogopa. Angenililia, tungelia wote. Alichagua kutabasamu juu ya kichwa changu.

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Jioni mama kapiga kutoka Muleba. Dada alikuwa ameshamweleza, kwa Kihaya, muda mrefu, huko jikoni. Shikamoo mama, marahaba, halafu moja kwa moja: nimshukuru dada yangu, wenzangu wasio na mtu wanafia vitandani. Nikaitikia ndiyo mama. Kwa mama mimi ni mwepesi wa kuitikia.

Jumapili, 30 Juni

Victor hajaja. Kesho ndiyo tarehe mosi.

Nimejaribu kufunga kitambaa kwenye kile kisiki ili nivute. Kinateleza. Walisugua vizuri mno. Asubuhi nikamtumia Injinia ujumbe kwamba nina jambo la kumweleza kwa mdomo wangu kabla ya kesho, akipata nafasi anipigie. Nitamwambia ukweli wote, hata kama ni aibu ya familia. Anipe wiki moja tu. Mafundi wa kuchomelea hawajaisha Mwanza, nitamwita mwingine aje hapa hapa.

Tumekula mchana, samaki, dada kanichambulia miiba kama kawaida yake. Kisha akaja nyuma yangu na egemeo likashuka. Pumzika, akasema, kesho una safari. Sauti nzuri kabisa. Ananipenda, hiyo ndiyo shida yenyewe, hakuna hata mahali pa kuanza kumchukia. Simu kaichomeka kwenye chaji, mezani, akatoka uani kuosha vyombo.

Naweza kujivuta kwa mikono nikae. Lakini egemeo linabaki kule nyuma, na bila egemeo nadondoka ubavuni. Nimeshajaribu, nimegonga kiwiko. Kwa hiyo naandika nikiwa nimelala, daftari juu ya tumbo, mwandiko unapanda kilima.

Simu inaita. Naliona jina kutoka hapa — Injinia Jovinary. Nikilala hivi magurudumu siyafikii; nimenyoosha mkono, haufiki hata ukingo wa meza. Nimemwita dada. Kaingia mikono ina povu, kajifuta kwenye khanga, kaichomoa. Nimemnyooshea mkono tena. Kapokea yeye.

"Shikamoo... Ndiyo, ni simu yake. Mimi ni dada yake. Amelala."

Nimesema kwa sauti, sijalala dada, nipe simu. Kaniangalia, macho kwa macho. Kisha katoka nayo uani na kuurudisha mlango polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Namsikia kupitia dirishani. Anacheka kile kicheko chake cha adabu, cha kuongea na wakubwa, na anamsimulia mgongo wangu, unavyouma, unavyoanza, vizuri kabisa, kuliko ambavyo ningesimulia mimi. Sasa amenyamaza, anayeongea ni Injinia.

Dada anasema ndiyo. Anasema ndiyo tena.

Nimeacha kuita, nisikie kama kesho naenda kazini.