Makaa Niliyoyaweka Uvunguni

Mbeya,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu Salima,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani Ruaruke. Mguu wa mama vipi, umepungua kuvimba? Anakunywa dawa kweli, au bado anazisukumia chini ya mkeka na kuapa kwamba amekunywa? Mpunga nimeusikia habari zake, kwamba safari hii ndege hawakuwatesa sana, nami nimeuona mwenyewe kwenye mzigo mlionitumia. Huku sisi ni wazima. Zuhura ni mzima. Narudia kabla hujasoma mbele: mwanao ni mzima, yupo hapa sebuleni anapiga pasi sare za shule huku anaimba kwa sauti ile mbovu aliyoirithi kwako. Lishike hilo vizuri, dada, kisha ukae chini, maana Jumamosi ya wiki iliyopita nilikaribia kumuua.

Mara tatu nimekupigia simu nikuambie. Mara zote tatu tumeishia kuzungumza mpunga. Ukiniuliza "Zuhura hajambo?" najibu "hajambo", halafu nasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatisha na mimi siwezi kukimbia. Barua utaikuta ndani ya gunia la viazi, nimelipakia mwenyewe pale ofisini kwetu kwenye mizigo ya mabasi.

Unajua tunavyoishi. Chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tatu, na kibaraza cha nje ambacho ukitandika mkeka mmoja kimejaa. Gesi ninayo, lakini chakula cha gesi mimi na mwanao hatukipendi sana. Kwa hiyo tangu Zuhura aje, kile kibaraza ndiyo jiko letu. Mahindi mabichi yakitoka tunachoma. Njegere zikiwa nyingi sokoni naziunga kwa nazi zako. Siku za Jumamosi nikipata mbasa, samaki wa ziwani kutoka Kyela, namtia ndimu, chumvi na kitunguu saumu, nambanika juu ya wavu, Zuhura anageuza, mimi napaka tui zito kwa kijiko. Hapo ndipo ananihadithia mambo yote ya shule. Watu wa hapa wanatusifia mchele wao wa Kyela mpaka masikio yanauma, na Zuhura huwajibu kwamba hawajala mchele wa Rufiji ndiyo maana.

Tatizo letu lilikuwa majivu. Ghorofa iliyo chini yetu, chumba cha mwanzo kabisa, anakaa mama mmoja Mnyakyusa, Mama Neema, mtu mzima, anauza viazi na maharage sokoni. Kamba yake ya nguo ipo chini ya kibaraza chetu. Upepo ukivuma, majivu yangu yanatua kwenye mashuka yake. Tumegombana mara mbili, na ya pili niliongea vibaya, nikamwambia kama anaogopa majivu asianike nguo duniani. Akasema siku nyingine atakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Unanijua, sikuomba radhi.

Basi Jumamosi ile mzigo wenu ulifika: mchele mpya, nazi na pepeta ya mpunga mchanga. Zuhura alikula pepeta kavu mlangoni pale pale, hata viatu hajavua. Nilikuwa na mbasa wawili wakubwa. Lakini nje kulikuwa na ukungu na upepo, baridi ya mwezi wa sita huku inauma mpaka meno. Nikafikiria majivu, nikamfikiria Mama Neema na mwenye nyumba. Nikawasha jiko kibarazani, nikalipepea mpaka mkaa wote ukakolea, moshi ukaisha kabisa, makaa mekundu matupu. Kisha nikaliingiza sebuleni. Nikafunga dirisha. Nikafunga na mlango wa kibaraza, nikaziba chini yake kwa kanga ili baridi isipenye.

Dada, nilijiona nina akili sana. Kwetu adui ni moshi. Moshi ukiisha tunasema moto umeiva, tunasogea. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuogopa makaa yasiyo na moshi, na wewe hukufundishwa.

Tulichoma, tukala, tukacheka. Baada ya kula Zuhura akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa ya asubuhi. Akakaa kidogo, akasema miguu haina nguvu na anasikia baridi. Nikamgusa paji la uso, hana homa. Nikampeleka kitandani, nikamfunika blanketi mbili. Halafu nikamkumbuka mama. Nikakukumbuka wewe ulivyolazwa kwenye kile chumba cha uani ulipomzaa Zuhura, siku zile za uzazi, na mama akiingia asubuhi na jioni na kikaango cha makaa aliyoyafukia majivu, anakisukuma chini ya kitanda chako, nawe unalalamika mgongo unaungua huku unasikia raha. Nikachota makaa kutoka kwenye jiko, nikayatia kwenye karai, nikayafukia majivu kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikaliweka karai uvunguni mwa mwanao. Nikarudishia mlango wa chumba ili joto lisitoke.

Kile chumba chako kilikuwa cha udongo na makuti, dada, na kati ya ukuta na paa ungeweza kupitisha mkono. Hilo sikulikumbuka.

Nikasema nishuke dukani mara moja ninunue tangawizi na ndimu nimchemshie. Nikafunga mlango wa nje kwa funguo, maana ndiyo desturi yangu. Kwenye ngazi nikahisi kichwa chepesi na magoti yanalegea, nikadhani ni shibe. Dukani nikashika meza. Mama Neema alikuwa pale, ananunua sabuni. Akanitazama.

"We dada wa Pwani, mbona unayumba?"

"Uchovu tu, mama."

"Macho mekundu hivyo? Umewasha jiko ndani?"

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilidhani ananitafuta. Nilidhani amesikia harufu ya samaki na anataka nikubali mbele ya watu ili apate la kumwambia mwenye nyumba. Nikamwambia, "Jiko gani? Leo nimepika kwa gesi." Nikamgeuzia mgongo.

Akasema, si kwa ugomvi, akasema taratibu, "Haya, afadhali. Maana ninyi mnaotoka kwenye joto hamlijui jiko la mkaa. Mnajifungia nalo, mnalala, hamuamki. Halinuki wala halitoi moshi."

Nilisikia kila neno. Muuza duka alikuwa anampimia mtu sukari. Akamaliza, akafunga mfuko, akahesabu chenji, akampa. Muda wote huo nilikuwa nimesimama na ndimu mkononi, na nilikuwa nimeshajua, Salima. Nilijua, lakini aibu ilinishika mdomo. Mwanao yuko juu na makaa chini ya kitanda, mimi nawaza nitaonekanaje. Hilo hakuna anayelijua isipokuwa Mungu na mimi, na sasa wewe.

Ndipo nikasema, "Mama, nimedanganya. Jiko lipo ndani. Mtoto amelala."

Yule mama alitupa sabuni. Anaumwa magoti, kila siku anapanda ngazi kwa kushika ukuta, lakini siku ile alinipita. Kwangu funguo ikawa haiingii tunduni. Akaninyang'anya akafungua yeye. Akapiga teke ile kanga, akafungua mlango wa kibaraza na madirisha, akaingia chumbani. Nilimkuta ameshamshika Zuhura makwapani. Tukamtoa mpaka kwenye ngazi, penye upepo. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina lile la utoto unalomwita wewe. Hakuitika. Shingo ilikuwa inalala upande. Mama Neema akaweka shavu lake puani kwake, akasema, "Anapumua. Kidogo. Tafuta bajaji."

Kwenye bajaji yeye alimpigapiga mashavu na kumsemesha Kinyakyusa, mimi nilianza Yasini nikairuka katikati, nikaanza tena, nikairuka tena. Kitu ninachokijua tangu madrasa. Nilikuwa nakuona wewe, dada, umesimama uani, unaniuliza mtoto wangu yuko wapi.

Hospitali walimwekea oksijeni mara moja. Daktari, kijana tu, akauliza nani aliyeweka moto chumbani. Nikasema mimi. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikasema sijui. Akatueleza kwamba ile hewa ya mkaa inaingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa nzuri, mtu analegea, anasinzia, na akisinzia ndiyo basi. Nami wakanipa oksijeni, kichwa kikapoa. Alasiri ilikuwa imeshaingia Zuhura alipofungua macho. Akanitazama muda mrefu, akaniuliza mbona nimevaa viatu visivyofanana. Nilitazama chini, kweli, kimoja changu, kimoja chake. Nikalia mpaka nesi akanitoa nje.

Wakamlaza mpaka kesho yake. Jana nimemrudisha kuangaliwa, daktari amesema yuko vizuri, ila nimwangalie, kichwa kikimrudia au akianza kusahausahau nimpeleke haraka. Wiki nzima namwangalia mpaka amechoka. Namuuliza hesabu akiwa anakula. Juzi alisahau alipoweka rula yake, nikashika funguo nimpeleke hospitali, kumbe rafiki yake aliiazima. Jiko nimelirudisha kibarazani, haliingii tena ndani. Mama Neema amechukua kamba yake ya nguo akaihamishia upande wa pili bila kuombwa, akasema nikitaka kuchoma samaki nichome kibarazani, na nikiona baridi nivae sweta. Kila jioni anatuletea maharage. Lile la dukani hajalitaja hata mara moja, na mimi kila nikimwona nalikumbuka.

Zuhura ameniomba nisikuambie. Amesema, "Mama mdogo, ukimwambia mama ataniita nirudi." Shule inamwendea vizuri, anapenda walimu wake, na nadhani ananipenda na mimi. Nilikaa na ombi lake siku sita. Ningeweza kulikubali, maana lilinifaa mimi kuliko yeye. Sikuzaa, dada, unajua nilivyohangaika. Uliponikabidhi mwanao pale stendi ya Kibiti ulisema huyu ni wako na wangu, na nyumba hii tangu siku hiyo imekuwa nyumba. Akiondoka sijui nitakuwa narudi kwa nani kutoka kazini. Lakini huwezi kuniachia mtoto kwa habari nusu. Kwa hiyo habari yote ni hii, na uamuzi ni wako. Ukisema arudi, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako na sitakuomba ufikirie tena.

Kuna jambo moja haliwezi kusubiri uamuzi huo. Wifi yetu, mke wa kaka, umesema yupo siku zake za mwisho za kujifungua, na ameshahamia kwenye ile nyumba mpya ya matofali yenye dari na madirisha ya vioo. Mama atataka kumwekea makaa uvunguni kama alivyotufanyia sote. Mzuie. Akikasirika mwache akasirike, mwambie ni mimi nimesema, anitukane mimi. Mzazi na akandwe kwa maji ya moto, afunikwe nguo, anyweshwe uji wa pilipili manga, lakini makaa yabaki uani. Nenda leo, usingoje mtoto azaliwe.

Nisalimie shemeji, baba yake Zuhura, na umsomee barua hii yote, hata pale dukani, usinifichie. Mama msomee ya wifi tu, na umwambie nambusu mikono. Mengine nitamwambia mwenyewe nikija. Msalimie mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Zuhura, mwombe amsomee dua ya kushukuru, na bibi mkunga jirani yenu, umweleze naye habari za makaa, yeye ndiye anayeingia nyumba nyingi. Viazi vigawane na kaka.

Ukimaliza kusoma utapiga simu, najua. Omba uzungumze na mwanao kwanza. Mwache aongee mpaka usikie mwenyewe kwamba ni mzima, umuulize unachotaka, mimi nitatoka nje kwenye ngazi ili awe huru kujibu. Kisha mwambie anipe simu. Usinionee huruma na usikate, hata ukikosa maneno. Nitashika simu sikioni mpaka uyapate.

Mdogo wako,
Mwajuma