Kumbukumbu Niliyoisikia Vibaya

Mwanangu Koku,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Bukoba? Kifua chako na baridi ya ziwani vinaelewana? Sisi hapa Nyaishozi tu wazima, kahawa tumeanika, na ile shikamoo ambayo hujanipa tangu uondoke nimeshaiitikia: marahaba, mwanangu.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei.

Unakumbuka siku uliponipigia nikiwa shambani nakata majani makavu ya migomba? Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ukasema, "Tata, naomba unisaidie kumbukumbu. Iliyopo ni ndogo, naaibika mbele za watu." Nilikaa chini pale pale. Nikasema moyoni, mtoto kasema kweli. Kumbukumbu ya mama yako mwaka jana mvua iliiharibu, tukaishia kula maharage jikoni watu wanane. Nikakujibu, "Safari hii nitafanya kubwa mpaka ushangae." Ukapiga vigelegele. Nikaona ajabu kidogo, lakini nikasema huo ni upendo wa mama.

Basi nikaandikisha misa, nikachinja beberu, nikaalika watu mpaka wa Kihanga. Asubuhi ya misa ukashuka garini na kompyuta yako mgongoni, hata hujakaa, ukauliza, "Tata, iko wapi?" Nikakuonyesha turubai na masufuria.

"Tata! Mimi nilisema kumbukumbu ya kompyuta!"

Shangazi yako akadakia, "Kumbe kompyuta nayo imefiwa?"

Watu wakacheka. Mimi aibu ikanishika, nikasema neno lisilofaa kutoka kwa mtu aliyeungama jana yake: kwamba mama yako angekuwa hai angeona haya kuzaa mtu wa kucheza michezo ya kompyuta. Ukabeba begi lako ukaondoka. Misa tukasali bila wewe, na nyama sikuionja.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita shangazi yako alinifungulia simu yake, "Njoo umwone mwanao." Nikakuona pembeni mwa kioo, mdogo kama picha ya kitambulisho, unacheza ule mpira wako wa kompyuta na watu wanakutazama. Mgongoni mwa mshambuliaji wako pameandikwa FELISTA. Jina la mama yako! Ukawa unapiga kelele, "Felista, nenda! Piga, Ma, piga!" Hapo picha ikaganda, mdomo wako wazi. Iliporudi, watu wanakupongeza, mpira uko katikati ya uwanja. Bao la mama yako likanipita.

"Ndiyo kumbukumbu aliyokuomba hiyo," shangazi yako akasema. "Ikiwa ndogo, mashine inaganda."

Nilitoka nje nikakaa kwenye mikeka ya kahawa. Koku, nisamehe. Mwenzangu umekuwa ukimkumbuka mama yako mbele za watu siku zote, nami nilikutukana kwa ajili hiyo.

Jana nilikwenda kwa fundi wa kompyuta Kayanga. Kunionyesha hiyo kumbukumbu, kumbe ni kibao chembamba, hata biskuti inakishinda unene. Akauliza, "Mzee, unataka ya aina gani?" Nikamwambia, ya Koku. Akacheka sana. Anasema ziko aina nyingi, isiyo yake haiingii. Amenisubirisha mpaka nilete jina kamili.

Kwa hiyo nakuomba unijibu upesi. Niandikie aina yake kwa herufi kubwa, usinipigie, nisije nikasikia vibaya tena.

Mungu akulinde.

Ni mimi,
Tata wako