Dagaa Walioanikwa Juu ya Barabara Kuu

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa kwanza, na kama una chungu jikoni, kipunguzie moto, maana natoa tangazo rasmi kwa ukoo mzima, kuanzia Katubuka hadi Ujiji: mdogo wako Hamisi, baada ya miaka sita ya utumishi uliotukuka, kuanzia Jumatatu anahamishwa kutoka ghorofa ya saba kwenda maegesho ya magari, chini kabisa. Mheshimiwa atakabidhiwa ufagio mpya, mrefu kuliko ule wa zamani kwa kiganja kimoja. Sherehe si lazima. Ila kuku akichinjwa, aliwe kwa niaba yangu.

Mguu wako unaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kubeba ndoo. Nakujua: unazibeba akishageuza mgongo. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, ambacho hunikumbusha umri kila ninapoinama kuokota bisi za watu.

Uliniambia shemeji haamini kwamba jengo ninalofagia limejengwa juu ya barabara. Mwambie afikirie hivi: achukue barabara ya kutoka Mwandiga kuingia mjini, aipanue mara nne, ajaze magari yasiyosimama. Halafu aifunike kwa zege kama anavyofunika sufuria. Juu ya kifuniko aweke maduka, juu ya maduka ofisi, juu ya ofisi hoteli, na pembeni nyumba za kupanga za watu ambao mbwa wao wanavaa masweta. Ng'ambo ya mtaa kuna uwanja wa mpira. Si mpira wetu. Huu wanapiga kijimpira kwa rungu, kisha watu elfu na elfu wanakaa wakila na kusubiri litokee jambo. Ardhi imewaishia, wameamua kujenga hewani. Ukiwa ndani husikii gari hata moja, lakini weka ndoo ya maji sakafuni uone maji yanavyotetemeka.

Haya, utani nauweka kando. Juzi ulinitumia sauti kwamba mama yake Odeta amekuja kwako kutoka Mwandiga na dumu la mawese, kunishukuru kwa kumwangalia mwanawe ugenini. Nimeisikiliza mara tatu. Ya nne sikuweza. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu ningekuchekesha, ungecheka, tungeagana, na mawese yangepikiwa. Dada, lile dumu usilifungue.

Salamu nazimaliza hapa hapa, maana nikishasema ya chini sitakuwa na uso wa kusalimu mtu. Mpe shikamoo yangu mama mkubwa wa Ujiji. Msalimie shemeji, na binamu yetu wa Ilagala aliyevua wale dagaa ulionitumia. Mwambie hawakuwa na kosa lolote. Wajomba wote wasalimie bila kumruka mmoja, unajua wanavyonuna.

Odeta unamjua kwa maneno yangu: binti wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi huko huko mkoani kwetu, mama yake akaja kutulia Mwandiga. Ghorofa ya saba tulikuwa wawili. Kila asubuhi ananisalimu kwa Kirundi chao, "Amahoro, kaka!" Akikuta sakafu niliyopiga deki mimi, ananiuliza, "Kaka, hapa umefuta au umesalimia tu?" Siku niliyoumwa kiuno alifanya zamu yangu na yake, na msimamizi hakujua.

Mwezi uliopita nilikutumia sauti nikikueleza dagaa wako walivyotimua watu hotelini. Najua mliicheka, mkawasikilizisha na majirani. Yote niliyosema mle ni kweli, mpaka pale nilipomalizia, "na hadi leo hakuna aliyejua ni nani." Hapo nilikuongopea. Nakueleza upya.

Kifurushi chako kilifika kimevuta unyevu. Nilipokifungua kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Odeta alinusa akafumba macho. "Kaka, hii ni Kigoma kabisa!" Mimi nikakumbuka mama alivyotufundisha pale Kibirizi: dagaa akivuta unyevu usimfungie, mwanike saa ile ile, na utafute upepo kwanza, jua baadaye. Nyuma ya hoteli kuna baraza la mitambo, funguo ninazo. Sina chanja, sina mchanga. Nikamwomba Odeta kitenge chake, kile cha njano alicholetewa na mama yake, ambacho hujifunga kiunoni wakati wa kula.

"Kitanuka, kaka."

"Nitakifua mwenyewe kwa sabuni mbili."

Akanipa. Nikazunguka baraza zima nimenyoosha kidole kilicholowa, kama mama. Kona moja nikapata upepo, dada, upepo usiokatika, hata Kibirizi haujawahi kuvuma hivyo. Nikatandika, nikawatawanya dagaa mmoja mmoja, nikasimama kuwaangalia nikijisifu. Miaka sita nimefagia jengo hili na sijawahi kujiuliza kwa nini kona ile upepo wake hauchoki. Sikuwa nimesimama kwenye upepo. Nilikuwa nimesimama mbele ya mdomo wa mitambo, ambao jengo zima linavutia pumzi.

Ilikuwa siku ya mechi. Hoteli imejaa watu wenye fulana za timu. Haikupita saa nzima, harufu ya Kibirizi ikaingia kila chumba na kila ofisi. Mmoja akasema gesi, mwingine akasema kuna mtu amefia ukutani. King'ora kikalia. Wote wakateremshwa, wenye kompyuta na wenye taulo, na magari ya zimamoto yakazuia mtaa. Hapo ndipo mlipocheka, nami sitawanyima, maana hata mimi nilicheka kwa dakika tano.

Kisha zimamoto wakafika kwenye baraza.

Msimamizi wetu alituita sote mstari mmoja, ameshika kile kitenge kwa ncha mbili. Akauliza ni cha nani. Odeta akasema, "Changu." Akauliza, "Na samaki?" Odeta hakujibu. Nami sikujibu. Akaulizwa tena, akanyamaza. Siku ile ile akarudishwa nyumbani, asubiri uchunguzi. Mimi nilibaki nikafagia ghorofa yote peke yangu, nikajiambia nafanya zamu mbili kwa ajili yake, kana kwamba hilo nalo ni wema.

Wiki tatu. Nilipita mlangoni kwake mara mbili na mkate mkononi, nikarudi nao. Kisha ikaja sauti yako yenye habari za dumu.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi nikasema dagaa ni wangu, wa dada yangu, na mahali nilichagua mimi.

Akaniuliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Na yeye hakuogopa?"

Mzee kama mimi kuulizwa hivyo na mtu anayelingana na mwanangu si jambo dogo. Hakunifukuza. Alinipa maegesho, na ukweli ni kwamba alinihurumia. Odeta amerudi leo asubuhi. Nilikuwa namkabidhi funguo, na kitenge nilichorudishiwa na msimamizi nikakifua. Alivipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo." Basi. Hakuniita kaka.

Sasa nakuomba, mguu ukiruhusu, panda gari uende Mwandiga. Mrudishie yule mama dumu lake. Kaa naye chini, umsomee barua hii kuanzia kwenye jina la binti yake mpaka mwisho, usiruke neno kwa kunistahi. Akitaka kunitukana, apewe simu yako.

Maana liko moja ambalo hata msimamizi sikumwambia. Pale mstarini, alipoulizwa samaki ni wa nani, Odeta hakunyamaza kwa hofu. Aligeuka akaniangalia, akafungua mdomo. Mimi nikamwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa pale tulikijua sisi wawili tu, na kwa sauti ya upole kabisa, ile ninayotumia kubembeleza watoto, "Nyamaza, mdogo wangu. Itapita." Akaamini kwamba kaka yake ana mpango. Akafunga mdomo, akaendelea kuniangalia akisubiri niseme. Nami nikatazama sakafu, kama mtu anayekagua deki.

Sikuwa na mpango wowote, dada.

Mdogo wako,
Hamisi wa maegesho