Taa Inayozima Mke Akipanda

Mwenzangu, haya kanieleza binti yangu leo mchana, macho yamemvimba. Nicheke au nilie?

Si unaijua ile taa ya gari lao, inayowaka gari likishika mwendo lenyewe, dereva hakanyagi kitu? Ikawa inazima ovyo. Mkwe wangu kalipeleka gari kwa fundi. Wakazunguka wawili, yeye na fundi, taa inawaka vizuri. Binti akapanda, ikazima. Akashuka, ikawaka. Akapanda, ikazima!

Fundi akainama kutazama miguu ya dereva. "Bosi, mbona unagusa breki? Ukiigusa tu, taa inazima."

"Si huyu mke wangu! 'Punguza, punguza,' kila kona!"

Waliporudi gereji, fundi akasema, mbele ya watu: "Basi gari ni zima. Ubovu ni mama."

Ubovu ni mama! Mwanangu kaapa harudi kwa mumewe.

Jioni mkwe kaja, kichwa chini. "Shikamoo mama." Akamkabidhi mkewe ufunguo. "Endesha wewe."

Sasa hivi binti kanipigia, kicheko hakimwishi. Hata geti hawajapita, mume anapiga ukelele: "Punguza, tutakufa!" Binti kapunguza, kampunguzia tena, mpaka bwana kachoka kuogopa.

Wamefika. Hajamwamsha, anakoroma kwenye kiti.