Naenda Kumwita Mama Yenu Majini

Nakhumicha,

Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa sabini na tisa, kanisa lilimpeleka mama yenu kuona maporomoko kule Thika, akateleza juu ya jiwe, maji yakamchukua. Tulizika mwili tu, roho yake ikabaki majini. Leo naenda na kuku wako mweupe kumwita arudi nyumbani, vile kwetu hufanywa. Usinune.

Sukuma iko kwa sufuria. Wasike mdogo wako asicheze bombani.

Asubuhi mzee wa kanisa amenikuta mlangoni nimeshika kuku. “Baba Nakhumicha, huo ni ushenzi.” Nikamwambia, “Nyinyi mlimpeleka, sasa hata kumrudisha mnanikataza?”

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi naye.

Baba yenu

Huyo mzee akija tena, muulize. Mama yenu aliogopa maji tangu utotoni. Nani alimwambia lile jiwe ni kavu?